Kibaraza Kilichovunjwa Mbele ya Mlango wa Abdulkadiri

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, nasema sicho. Mwaka ule Mzee Abdulkadiri alikuwa bado na miguu yake yote miwili, tena akiitumia kuliko vijana. Ungemwacha asubuhi Mnazi Mmoja, ukateremka zako Mchikichini kutafuta kiatu, ukamkuta na huko keshafika, dele la kahawa mkono huu, moto wa mkaa chini yake, na mkono wa pili anagonganisha vikombe ili watu wajue kahawa inapita. Basi ni ishirini na tatu. Ndiyo, ishirini na tatu, maana soko kubwa la Kariakoo lilikuwa bado limezungushiwa mabati ya mafundi.

Abdulkadiri wa Kahawa, ndivyo alivyojulikana. Mtu wa pwani, baba yake kazaliwa mjini hapahapa na yeye kazaliwa hapahapa. Nyumba aliyokaa haikuwa yake wala ya baba yake. Ilikuwa moja ya kota za shirika la nyumba, upande wa Ilala: chumba, sebule na uani, kodi kila mwezi, na upangaji ameurithi kwa mzee wake kama wengine wanavyorithi shamba. Waliozijenga kota zile waliyaogopa maji, wakapandisha msingi juu. Kwa hiyo kila mlango una ngazi nne za saruji, na ubavuni mwa ngazi, ukutani, kibaraza kirefu cha kukalia. Hicho cha kwake kilikuwa kimesuguliwa na makalio ya watu miaka na miaka mpaka kikang'aa.

Kilichomwangusha ni sukari. Msumari ulitoboa kandambili, naye akaudharau. Akaendelea kutembea na dele lake, kidonda kikaoza, kikanuka, na walipomfikisha hospitali ikabidi mguu wa kulia ukatwe chini kidogo ya goti. Alirudi nyumbani na kiti cha magurudumu alichochangiwa msikitini, na wanaume wanne wakamnyanyua, kiti na mtu wake, wakampandisha zile ngazi. Mbele alikuwepo rafiki yake Seifu, muuza mitumba, wameanza naye udogoni kuogelea kwenye madimbwi ya Jangwani. Mwingine alikuwa Elimringi, Mchaga mwenye duka pale pembeni, ambaye mtaa mzima unamwita Mangi. Walikuwa wanacheka na kutaniana. Abdulkadiri alifumba macho.

Walipomtua alisema, "Ahsanteni. Lakini msirudie tena."

"Tusirudie nini?" Seifu akauliza, anahema. "Ijumaa nani atakuteremsha? Utaruka?"

"Sitateremka."

"Wewe bwana! Sisi tupo. Tunakubeba, tunakurudisha. Kwani mzito? Hata mguu umepungua."

Watu wakacheka, na Abdulkadiri mwenyewe akacheka, maana utani wa Seifu haukuwa na sumu. Kisha akasema, "Sikiliza, Seifu. Siku ya kubebwa na wanaume wanne ninayo, naijua, imeandikwa. Sitaki kuitanguliza."

Seifu akavuta kanzu yake, akasema taratibu, "Haya. Na mimi nikitangulia? Hutakuja kunitia bega?"

"Nitakuja. Ila nitakuja kwa magurudumu yangu."

"Umeahidi, Mangi shahidi."

"Nimesikia," Mangi akasema. "Na mimi mkinizika Moshi, sijui huyu magurudumu yake yatafika vipi."

Basi maisha yakakaa hivyo. Kahawa haikufa. Bi Salma, mkewe, alikuwa akiipika uani na kuileta, naye Abdulkadiri akakaa mlangoni juu na dele lake, na watu wakakaa kibarazani chini. Kahawa ikawa inashuka na habari zinapanda. Nani kaoa, nani kafilisika Kariakoo, timu gani imesajili nani, nani kalazwa, nani kafariki na anazikwa saa ngapi. Mtu asipoonekana kibarazani siku moja, hapo hapo anaulizwa. Asipoonekana ya pili, anafuatwa.

Lakini jeneza likipita mtaani, watu wote huinuka kulikimbilia, kila mmoja atie bega japo hatua chache, maana ni haki ya marehemu na ni thawabu kwa aliye hai. Kibaraza kikabaki kitupu, yeye peke yake juu ya ngazi zile nne anaangalia migongo ya kanzu. Hilo lilimkata kuliko msumeno wa hospitali. Na uani kulikuwa na jingine asilolisema. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, mlango wake mwembamba, kiti hakipiti. Bi Salma ni mtu mdogo wa umbo. Alikuwa anamshika kwapani, wanaenda wakiyumba, na mara mbili walianguka wote. Mwanamume wa umri ule kuoshwa kila siku na mkewe, haya zilimjaa mpaka akapunguza kunywa maji.

Ndipo shirika likaamua kuzitengeneza nyumba za wapangaji wenye ulemavu. Asubuhi moja akaja binti mmoja na kofia ya plastiki na mkanda wa kupimia, jina lake Vicky, injinia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu kahawa."

"Nikimaliza baba, nisije nikakosea vipimo." Lakini alikunywa, tena viwili, na kashata juu. Akapima mlango, akapima ngazi, akapima kiti, akaingia uani akapima choo, akamuuliza Bi Salma maswali ambayo Bi Salma aliyajibu kwa kunong'ona. Alikuwa na heshima, na hakuna mtu aliyewahi kumsema vibaya, hata baadaye.

Alipotoka nje alisimama mbele ya kibaraza, wazee wamekaa pale, kichwa kainamisha.

"Wazee wangu, kuna jambo. Baba nitamwekea njia ya mteremko, atoke na aingie mwenyewe. Lakini mteremko ukiwa mkali kiti kitamkimbia, lazima uwe mrefu. Mbele kuna mtaro, siwezi kwenda huko. Pa kuupitisha ni hapa ukutani, mlipokaa."

"Kwa hiyo?" Seifu akauliza.

"Kibaraza kitaondoka."

Seifu aliinuka palepale. "Sasa unangoja nini mwanangu? Vunja! Sisi tuna miguu, tutakaa popote. Mwenzetu hana."

"Vunja, vunja," wakasema wote. Abdulkadiri kule juu akasema, "Jamani, si tufikirie kwanza..." na Seifu akamkata, "Wewe kunywa kahawa yako. Ulisema utakuja kwa magurudumu yako, ndiyo haya."

Na kweli, fundi mwashi alipokuja, Ansbert, mtu wa Kagera, mpole, hakupewa hata nafasi ya kuinua nyundo. Jumapili ile wazee walikuja na nyundo zao wenyewe. Seifu akapiga la kwanza, bismillahi, na Mangi, katoka kanisani na suruali yake ya kupiga pasi, akapiga la pili. Ansbert akasema, "Wazee, nyinyi mnanitoa kwenye ajira." Vipande vikapakiwa kwenye mkokoteni vikaenda kufukia shimo la barabara. Watu walicheka sana siku ile. Kibaraza kilivunjwa kwa mapenzi, nakwambia, na wenyewe waliokikalia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kesho wakae wapi.

Mteremko ulipokauka ulikuwa kitu cha kutazama. Saruji imepigwa mistari ili magurudumu yasiteleze, vyuma vya kushikilia vimepakwa rangi ya bluu. Abdulkadiri alishuka mara ya kwanza akiwa kashika magurudumu kwa mikono miwili, mdomo kaubana, na alipofika ardhini akakata kona na kwenda. Hakusema anakwenda wapi. Alizunguka mtaa mzima akarudi, jasho linamtoka, akapanda mwenyewe. Ijumaa aliswali jamaa msikitini. Na uani, mlango umepanuliwa, choo cha kukaa, vyuma ukutani, kigoda cha saruji chini ya bomba. Siku ya kwanza alipojifungia peke yake na kuoga, Bi Salma alisimama nje ya mlango na taulo mkononi, akisikiliza maji yanavyomwagika, machozi yanamtoka. Akamwita, "Baba Moza, umemaliza?" Naye akajibu kutoka ndani, "Niache nioge mke wangu, nina deni la miezi."

Basi. Mtu angesema hapo ndipo hadithi ilipoishia.

Wazee walikuja jioni ile ya mteremko mpya kama kawaida, wakasimama. Pa kukaa hapakuwepo. Wakanywa kahawa kwa miguu, mmoja akaegemea chuma, na mmoja akajibanza kwenye saruji ya mteremko. Bi Salma akatoka. Alikuwa na wivu na ule mteremko kama mtu mwenye kitanda kipya. "Jamani wazee, samahanini, msimzibie baba njia." Wakainuka haraka, maana ni kweli, njia ni ya mwenye haja nayo. Kesho yake walikuja wachache. Wiki ile ile wakapata kijiwe Mchikichini, nyuma ya meza za viatu, kuna benchi na kuna kivuli cha turubai. Hakuna aliyekusudia kumwacha. Kila mmoja alidhani mwenzake kamwambia.

Alipojua, aliwafuata. Alivuka barabara, pikipiki zinampigia honi, akafika kwenye meza za mitumba, na hapo njia ni ya mtu mmoja mmoja. Kiti kikanasa kati ya rundo la viatu na nguzo. Akina mama wenye mizigo wakasimama nyuma yake. "Mzee tunaomba njia! Mzee, pisha basi!" Seifu akaja mbio, akasogeza meza, akamsaidia kurudi nyuma. Wakacheka wote wawili. "Kesho nitakuja kwako mimi," Seifu akasema. Na alikuja, siku mbili tatu, akanywa kahawa kasimama mlangoni. Lakini Seifu naye magoti yalikuwa yanamuuma, na mtu mwenye magoti hawezi kupiga soga kasimama.

Dele likawa linapikwa dogo, kisha likawa halipikwi. Alitaka aende nalo kuuza mapajani, Bi Salma akamwuliza kama anataka kuunguza na mguu uliobaki. Kwa hiyo akawa anashuka mteremko, anaenda msikitini, anarudi, anapanda. Alikuwa na njia sasa ya kwenda kokote, na habari za kwenda wapi hazikuwa zinamfika.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki. Bi Salma kaondoka asubuhi mapema, kaenda Mbagala kwa Moza, binti yao, kachukua na mfuko wa mchele. Tangu alfajiri Abdulkadiri hakwenda msikitini, kiuno kilimbana. Alasiri akajifungia bafuni akakaa kwenye kigoda chini ya bomba, akayaacha maji ya vuguvugu yampige mgongoni. Alikaa sana. Katikati ya maji kama alisikia sauti za watu, nyingi, zinapita. Akafunga bomba asikilize, zikawa hazipo. Akafungua tena.

Magharibi imekwisha, Mangi akapanda mteremko, kofia mkononi.

"Pole mzee wangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Kiuno tu, kimeanza kuachia."

Mangi akamtazama. "Nakupa pole ya msiba, mzee. Hatukukuona kule, tukasema bila shaka hali si nzuri."

"Msiba wa nani?"

Mangi akaketi kwenye kizingiti.

"Mangi. Msiba wa nani?"

"Seifu, mzee. Kaanguka alfajiri anataka kutawadha. Kazikwa alasiri. Mbona tulitangaza kwenye grupu la WhatsApp, watu wote..." Akaishia hapo, maana simu ya Abdulkadiri aliiona pale mezani, kitochi cha vitufe, kimefungwa mpira.

Abdulkadiri alisema innalillahi, akaisema tena. Kisha akauliza, "Watu walikuwa wengi?"

"Wengi sana."

"Alhamdulillahi." Mangi alikaa naye mpaka Bi Salma aliporudi.

Alikwenda kuhani. Alikwenda makaburini pia, kwa magurudumu yake, akaomba dua pale. Watoto wa Seifu walimpokea vizuri, hakuna aliyemlaumu. Lakini aliporudi hakushuka tena. Mteremko ulikaa safi, unafagiliwa kila asubuhi, hakuna tairi linalopita.

Hivyo ndivyo Vicky alivyoukuta aliporudi kukagua kazi. Alikuja kachangamka, simu mkononi apige picha za kuwaonyesha wakubwa zake.

"Shikamoo baba! Mteremko vipi? Una tatizo?"

"Marahaba. Hauna tatizo mwanangu."

"Choo?"

"Mungu akubariki kwa choo."

"Sasa mbona mama ananiambia hutoki?"

"Nitoke niende wapi?"

Binti akatafuta pa kukaa ili amsikilize, akazungusha macho, hakupaona. Mwishowe akakaa kwenye saruji ya mteremko, miguu inaning'inia upande wa barabarani. Bi Salma akafungua mdomo kumfukuza, kisha akaufunga. Abdulkadiri akamweleza. Hakumweleza kwa kumshtaki. Alimsimulia habari za Seifu kama vile anamsimulia mtu wa kibarazani: madimbwi ya Jangwani, ahadi, nyundo ya kwanza, bomba la maji. Vicky alisikiliza, na mzee alipomaliza, yeye alikuwa anapapasa kingo ya saruji aliyokalia.

"Baba, niliwauliza," akasema kwa sauti ndogo. "Wakasema vunja."

"Walisema. Hata mimi nilinyamaza. Sisi sote tulivunja."

Vicky akashuka, akarudi nyuma, akatazama upande wa chini, pale mteremko unapokaribia ardhi. Akatoa mkanda. Safari hii alimwambia Bi Salma akae pale ukingoni, apime magoti yake na ardhi.

"Mama Moza sasa nawe unapimwa," Abdulkadiri akasema.

"Nyamaza wewe," Bi Salma akajibu, kajikausha kama anapigwa picha.

Ansbert akarudi na saruji. Ile kingo ya nje, iliyokuwepo kuzuia gurudumu lisichomoke, ikapanuliwa na kuteremshwa, ikaja mpaka chini na kukata kona kidogo, pana ya kutosha mtu kukaa na kikombe chake pembeni. Njia ikabaki wazi na watu wakapata pao. Kwenye kile kituo cha chini, mwisho wa mteremko, Vicky aliacha nafasi ya kiti cha magurudumu kuegeshwa sambamba na wakaaji, bega kwa bega.

"Ofisini wakiniuliza," akasema, "hii ni kingo ya usalama, imezidi upana kidogo."

"Na wewe ukituuliza sisi?" akasema Mangi.

"Sitawauliza tena kuhusu kuvunja, wazee wangu. Nitawauliza mnakaa wapi."

Habari zikafika Mchikichini kwamba dele limewashwa. Walikuja mmoja mmoja, na aibu kidogo, kila mmoja kakohoa kwanza. Walimkuta Abdulkadiri keshashuka, hayupo tena juu mlangoni, yupo chini pamoja nao, kanzu nyeupe, anagonganisha vikombe. Wakakaa. Saruji mpya ilikuwa inakwaruza, Mangi akasema itachukua miaka kuilainisha kwa makalio haya yaliyobaki. Wakacheka. Wakasema habari za sokoni, za timu, za mvua inayotajwa. Karibu na kiti cha magurudumu paliachwa nafasi ya mtu mmoja, hakuna aliyeambiwa aiache.

Abdulkadiri akamimina kahawa, akazungusha vikombe mpaka vikawafikia wote. Cha kwake akakishika bila kukinywa. Akatazama barabara, upande huu na upande ule.

"Hebu niambieni," akasema. "Siku ile, jeneza la Seifu lilipitishwa hapa mbele ya mlango wangu, au mtaa wa pili?"

Mangi akainamia kikombe chake. Mwingine akapuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa. Akawauliza tena siku nyingine, na nyingine, na mpaka leo hakuna aliyemjibu.